Mheshimiwa Aliyeua kwa Ajili ya Kondoo

Kwa desturi ya Waingereza, mwana wa lodi asiyerithi cheo cha baba yake hutanguliziwa jina kwa neno ambalo kwa Kiswahili ni "Mheshimiwa". Ndivyo anavyoandikwa vitabuni Galbraith Cole, mwana wa Lodi wa nne wa Enniskillen huko Ayalandi, afisa wa zamani wa jeshi la kifalme la Uingereza na mlowezi wa Bonde la Ufa. Sisi tunaoishi Dodoma, mji wa Bunge, tumezoea waheshimiwa, na tunajua kwamba heshima ya jina na heshima ya mtu si lazima zikae nyumba moja. Mwaka 1911 Mheshimiwa Cole alimpiga risasi Mwafrika aliyemshuku kuwa mwizi wa kondoo, na mtu huyo akafa. Alishitakiwa kwa kuua kwa kukusudia, akaachiwa huru, kisha akafukuzwa nchini. Wasimulizi wa maisha yake huipenda sana hatua hii ya tatu. Nataka kueleza kwa nini wanaipenda, na kwa nini sisi wa nyanda za kati za Tanzania hatuna budi kuikataa.

Naandika kwa sababu ya kauli moja ambayo imekuwa wimbo: "Mkoloni alikuwa mkatili, lakini angalau alikuwa na sheria." Nimeisikia darasani, nimeisikia kwenye daladala ya kwenda Nanenane, na nimeisikia kwenye vikao vya watu wenye shahada mbili tatu ukutani. Aghalabu anayeitoa huwa amechoshwa na jambo la leo: hati ya kiwanja isiyopatikana, kesi isiyokwisha, faili lililopotea. Uchungu wake naufahamu. Lakini uchungu wa leo haujawa kamwe ushahidi wa jana, na yeyote anayetaka kuujua utawala wa sheria wa mkoloni aanze na maisha ya mtu huyu.

Wapo wanaoanza kwa kumtetea kwa asili yake. Cole alikuwa Mwayalandi, wanasema, na Ayalandi nayo ilitawaliwa na Mwingereza kwa karne nyingi. Basi tusimweke kapu moja na wakoloni wengine. Hoja hii ni tamu na haina mifupa. Ukoo wa Cole ulifika Fermanagh, kaskazini mwa Ayalandi, mwanzoni mwa karne ya 17, pale Mfalme wa Uingereza alipowanyang'anya ardhi machifu wa Kigaeli, akina Maguire wakiwemo, na kuwagawia askari na walowezi wa Kiprotestanti kutoka ng'ambo. William Cole, askari wa Kiingereza, ndiye aliyekabidhiwa Enniskillen. Vizazi vilivyofuata vilijenga jumba la Florence Court, ambalo leo ni kivutio cha watalii. Wakati wa njaa kuu ya Ayalandi, kuanzia mwaka 1845, watu wapatao milioni moja walikufa, na chakula kiliendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza. Waliokufa walikuwa wapangaji na vibarua. Makabaila wenye majumba hawakufa njaa.

Kwa hiyo tusichanganye mkulima wa Ayalandi na kabaila wa Ayalandi, kama ambavyo hatungekubali mtu achanganye mkulima wa Kigogo na bwana shauri wa Kidachi kwa kuwa wote wawili waliishi Dodoma. Galbraith Cole hakuja Afrika na kumbukumbu ya kutawaliwa. Alikuja na kumbukumbu ya miaka mia tatu ya jinsi ardhi ya watu wengine inavyogeuzwa kuwa urithi wa familia.

Na alikuja kwa wakati wake. Mwaka 1903 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyowawezesha wapangaji wa Ayalandi kununua mashamba ya makabaila kwa mikopo ya serikali. Dunia ya akina Cole ilianza kupungua ukubwa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, sheria ya ardhi ya Himaya ya Afrika Mashariki ya Uingereza ilikuwa imewafungulia Wazungu mlango wa kuuziwa na kukodishwa ardhi ya nchi tunayoiita Kenya. Cole alikuwa amepigana vita vya Afrika Kusini dhidi ya Makaburu katika kikosi cha wapanda farasi cha Hussars. Alikuwa kijana, hakuwa mwana wa kwanza, na dada yake Florence alikuwa ameolewa mwaka 1899 na Lodi Delamere, ambaye punde angekuwa kinara wa walowezi wote. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, husema wahenga wetu. Mgeni huyu siku ya tatu alipewa shamba, na jembe akapewa mwenyeji.

Wenyeji wa eneo hilo walikuwa Wamasai. Kwa mkataba wa mwaka 1904 waliondolewa katika Bonde la Ufa na kupelekwa Laikipia, wakiahidiwa kwamba makubaliano hayo yangedumu maadamu kabila lao linaishi. Ahadi ilidumu miaka saba. Mwaka 1911 walihamishwa tena kutoka Laikipia kwenda kusini, kwa kuwa walowezi walikuwa wameipenda Laikipia nayo. Wamasai walikwenda mahakamani. Mwaka 1913 waliambiwa kwamba mikataba ile ilikuwa baina ya Serikali ya Mfalme na taifa jingine, hivyo mahakama za nchi hazikuwa na mamlaka ya kuisikiliza kesi. Msomaji auzingatie utamu wa hoja hiyo ya kisheria: Wamasai walikuwa taifa huru kwa muda wa kutosha tu kupoteza kesi.

Ni katika ardhi hiyo, karibu na ziwa Elmenteita, ambako Cole alifuga kondoo, na kondoo wakaibwa. Siwezi kudai kwamba wizi haukuwako, pengine ulikuwako. Wizi wa mifugo una adhabu yake katika kila jamii ya wafugaji niijuayo, Wagogo wakiwemo: mwizi hulipishwa, wakati mwingine maradufu, na wazee hukaa wakaamua. Cole alichukua bunduki. Kesi yake ilisikilizwa mbele ya jopo la walowezi wenzake, kwa kuwa haki ya kuhukumiwa na jopo la watu wa rika na rangi yako ilikuwa ya Mzungu peke yake. Mwafrika aliyeshitakiwa kwa kosa hilohilo hakuwa nayo. Cole hakukana kwamba alifyatua risasi. Jopo lilimwachia.

Sasa tuifikie ile hatua ya tatu inayopendwa. Wakubwa wa London hawakufurahishwa, na Cole akaamriwa kuondoka nchini. Hapa ndipo msimulizi huvuta pumzi na kusema: mnaona? Dola ilikuwa na dhamiri. Haikumwonea haya hata mwana wa lodi.

Hebu tuitazame dhamiri hiyo kwa makini. Kwanza, mahakama ndiyo iliyoshindwa, na haikurekebishwa. Jopo la Wazungu liliendelea kuwahukumu Wazungu kwa miongo mingine mingi. Kilichotumika ni amri ya utawala, yaani kalamu ya mkubwa mmoja, na amri ya aina hiyo si utawala wa sheria bali ni mbadala wake. Pili, tutazame aina hiyo ya amri iliwafanya nini wengine. Mwaka 1922 Harry Thuku, karani kijana wa Nairobi aliyekuwa akipinga kodi, kipande na kazi za kulazimishwa, alikamatwa. Watu walipokusanyika kudai aachiwe, walipigwa risasi, na serikali yenyewe ilihesabu maiti 21. Thuku hakuua mtu wala hakufikishwa mbele ya jopo lolote. Alipelekwa Kismayu kwa amri, akakaa kizuizini zaidi ya miaka minane. Cole, aliyeua, alirudishwa kwenye bara la jamaa zake, na ndani ya miaka michache alikuwa amerejea kwenye kondoo wake. Mwaka 1917 alioa binti wa ukoo wa Balfour, mpwa wa aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza.

Tatu, na hili ndilo linalonikera zaidi, mwaka ule uliomwondoa Cole ndio mwaka uliowaondoa Wamasai Laikipia, chini ya gavana yuleyule, Percy Girouard. Serikali ilimwadhibu mtu mmoja kwa roho moja, huku ikihamisha watu kwa maelfu na makundi yao ya mifugo. Wasimulizi wanakumbuka adhabu ya kwanza. Ya pili wanaiita sera.

Galbraith alikuwa na ndugu, Berkeley, naye afisa wa jeshi, naye mkongwe wa Afrika Kusini, na ndiye aliyebahatika zaidi kwa waandishi. Karen Blixen alimpamba katika kitabu chake cha kumbukumbu za Kenya, na filamu ya mwaka 1985 iliyotokana na kitabu hicho ilizoa tuzo saba za Oscar. Kwa Blixen, Berkeley ni mcheshi, mwenye moyo mpana, rafiki wa Wamasai na Wasomali, mtu ambaye kila saa tano asubuhi alikunywa chupa ya shampeni msituni na kulalamika kwamba glasi si nzuri. Sina ugomvi na ucheshi wa marehemu. Huenda kweli alikuwa mtu wa kupendeza. Lakini uzuri wa tabia mezani haujawahi kuwa hoja katika suala la ardhi, na fasihi iliyotufundisha kuzipenda tabia za watu hawa imetufundisha pia kutouliza nani aliyeibeba shampeni ile hadi msituni. Mimi huwasomesha wanafunzi wangu kitabu hicho. Nawataka wahesabu ni Waafrika wangapi ndani yake wenye shauri lao wenyewe, wenye jambo wanalolitaka ambalo si la bwana wala bibi wa shamba. Huwa hawachoki kuhesabu.

Kuna atakayesema kwamba haya yote ni ya Kenya na kwamba mhadhiri wa Dodoma ameishiwa na mada. La hasha. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, walowezi hawa walirudi kwenye magwanda yao. Berkeley Cole aliongoza kikosi cha askari wa Kisomali kilichobeba jina lake. Jeshi walilolitumikia, likiwa na majenerali wengine na vikosi vingine, lilishuka kuja kwetu. Jenerali Jacob van Deventer aliiteka Kondoa Irangi Aprili 1916, na mwishoni mwa Julai mwaka huo akaingia Dodoma na kuikata reli ya kati. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Na nyasi za vita hivyo zilikuwa Ugogo.

Wajerumani walichukua ng'ombe na nafaka kabla ya kurudi nyuma. Waingereza wakachukua ng'ombe na nafaka walipofika. Wote wawili walichukua wanaume kuwa wapagazi, na mwanaume aliyechukuliwa wakati wa kulima mtama na uwele alikuwa sawa na ghala lililochomwa, kwa sababu katika nchi hii ya mvua chache wiki mbili za kuchelewa kupanda humaliza mwaka. Kisha mvua ikakosekana, na homa kali ya mafua iliyozunguka dunia mwaka 1918 ikawakuta watu wakiwa mifupa. Wagogo waliipa njaa hiyo jina la Mtunya, neno linalobeba maana ya kinyang'anyiro. Wanahistoria wamekadiria kuwa waliokufa ni takriban 30,000, yaani mtu mmoja katika kila watano.

Jina hilo nalipenda kuliko istilahi zote za kitaalamu tunazofundisha. Ripoti za wakoloni ziliandika ukame. Wagogo, ambao ukame wanaujua kwa vizazi na wana majina yake mengine, waliandika kinyang'anyiro. Walitaja tendo, na tendo lina mtendaji. Na katika miaka hiyohiyo, mwaka 1915, walowezi wa Kenya walikuwa wamepewa sheria mpya ya ardhi yenye hati za miaka 999.

Kabaila wa Fermanagh asingeshindwa kulielewa neno Mtunya. Chakula kinachoondoka wakati watu wanakufa, wenye kulima wanaokufa na wenye kumiliki wanaobaki: ukoo wake ulikuwa umeishi mahali ambapo hayo yote yalitokea. Nikisema hivi simtwishi Galbraith Cole vifo vya Ugogo, hakuvisababisha yeye. Ninachosema ni kwamba mtu aliyekulia upande ule wa njaa hufika Afrika akiwa tayari ameshajifunza kutoiona.

Wale askari wa Dola waliozikwa hapa Dodoma wana makaburi yanayotunzwa na mawe yenye majina. Sina shida na hilo. Maiti ni maiti. Lakini mwaka 2021 Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, walikufa wakiitumikia Dola katika vita hiyo bila kukumbukwa kwa majina, au bila kukumbukwa kabisa. Walioomba radhi ni wao, na wamechelewa miaka mia. Sisi tumefanya nini? Dodoma ni makao makuu ya nchi, ni jiji tangu 2018, ina barabara za njia nne na mizunguko yenye sanamu na maua. Niambieni ni wapi katika jiji hili mtoto wa shule anaweza kusimama na kusoma neno Mtunya. Watu 30,000 ni uwanja wa mpira uliofurika.

Tusidhani pia kwamba mambo ya Elmenteita yalizikwa na Galbraith, aliyejiua kwa risasi mwaka 1929 baada ya kuteswa na maradhi ya viungo na kupoteza jicho moja, na kuzikwa shambani kwake. Mwaka 2005, katika shamba la Soysambu linalopakana na ziwa hilohilo, Thomas Cholmondeley, kitukuu cha Delamere na cha Florence Cole, alimpiga risasi na kumuua Samson ole Sisina, askari wa wanyamapori. Mwanasheria Mkuu wa Kenya aliiondoa kesi. Mwaka uliofuata Robert Njoya, fundi mwashi, aliuawa kwa risasi katika shamba hilohilo. Safari hii kesi ilisikilizwa mpaka mwisho. Mwaka 2009 Cholmondeley alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia na kupewa kifungo cha miezi minane, mbali na miaka mitatu aliyokuwa amekaa mahabusu. Watetezi watasema mazingira yalikuwa tofauti, na yalikuwa tofauti. Hakukuwa na jopo la walowezi. Majina ya marehemu wote wawili yalitajwa magazetini, ilhali yule wa 1911, katika simulizi za walowezi, hubaki "mwizi wa kondoo" tu. Hayo ni maendeleo, nayakubali. Lakini umiliki wa ardhi ile, ulioanza na kuhamishwa kwa Wamasai, haukuwa kwenye mizani ya mahakama hiyo, kama ambavyo haukuwa kwenye mizani ya ile ya 1911.

Wale wanaoimba "angalau alikuwa na sheria" naomba waniambie ni sheria ipi. Ile ya 1902 iliyotoa ardhi? Ile ya 1913 iliyowanyima Wamasai hata sikio? Ile iliyomwachia Cole, au ile iliyomfunga Thuku bila kesi? Zote zilikuwa na mihuri, namba na majaji wenye mavazi rasmi. Yule mzee wa kijijini aliyeamua kesi ya mbuzi chini ya mbuyu hakuwa na muhuri, lakini asingemwachia muuaji kwa kuwa ni mtoto wa ukoo mkubwa bila kuwakabili ndugu wa marehemu asubuhi inayofuata.

Somo la Historia ya Tanzania na Maadili limeingizwa katika mitaala yetu mipya, na nililipokea kwa furaha. Ombi langu kwa wanaoliandikia vitabu ni dogo: wasiandike Mtunya kama "athari za vita" katika sentensi moja isiyo na mtendaji, katikati ya sura ya majenerali. Waandike nani alichukua ng'ombe, nani alichukua wanaume, na kwa amri ya nani. Na wanapofika kwa walowezi wa jirani, wasiazime vivumishi vya Blixen.

Kwa upande wangu, muhula ujao wanafunzi wangu wa mwaka wa pili hawataandika insha ya maktaba. Watakwenda Mvumi, Bahi, Kongwa, Mpwapwa na Manyoni, wawaulize wazee walichoambiwa na bibi na babu zao kuhusu Mtunya: koo zilizohama na hazikurudi, watoto waliopelekwa kwa jamaa ili wapate kula, majina ya wapagazi walioondoka na msafara. Kila mmoja aje na angalau jina moja. Mkuu wa idara ameshaniuliza jinsi kazi ya namna hiyo itakavyosahihishwa, nami nimemjibu kwamba jina lina alama ishirini.